LEKTERI YA DISIKI ZA HD: NGUVU YAKE NA UGONJWA WAKE



Tangu juma lililopita neno ni moja tu ku interna na ku chumba cha chakula: zile mashini tuzipokee ao tuziache? Tunaandika masomo haya juu ya kusaidia wale watakaopiga kura Jumamosi bila kujua wanapigia nini. Wengine wanasema "HD" sawa vile wanataja timu ya mpira, kwa makelele, lakini ukiwauliza herufi hizo zinaleta nini ku ekrani, wanacheka tu.

Habari yenyewe ni hii. Mzee mmoja aliyemaliza masomo hapa kwetu, sasa anakaa Marekani, ametuandikia kwamba ana lekteri tatu za nyumbani za disiki za HD, zimekwisha kutumika. Ya kwanza ni Toshiba HD-A1, ya pili Samsung BD-P1000, ya tatu PlayStation 3 ya Sony, ile nene ya mwanzo. Pamoja nazo kuko sanduku la disiki 22 za masomo: mwili wa mutu, bahari, volkano, nyota. Disiki 13 ziko mu kifuniko chekundu, 9 mu kifuniko cha bulu. Yote anatoa bure, lakini usafiri uko juu yetu, na unalipwa kwa kilo. Pesa tuliyo nayo ni ile ya mchango wa taa za jua za kusomea usiku. Basi kila kilo ya mashini itakula taa ya kilasi fulani. Njo maana hatupendi kura ya makelele.

Tuanze na disiki. DVD, HD DVD na Blu-ray zote ziko na upana wa sentimetre 12 na unene wa milimetre 1,2. Ukiziweka juu ya meza ni ndugu watatu wa tumbo moja. Tofauti iko ndani, mu vishimo vidogo sana vilivyopangwa kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda inje. Mwanga wa lazeri unatembea juu ya mstari ule. Penye kishimo unarudi dhaifu, pasipo kishimo unarudi na nguvu, na mashini inasoma 1 na 0. Picha yote, sauti yote, ni zile 1 na 0 tu.

Sasa, mutu anayeandika na kidole mu vumbi hawezi kuandika herufi ndogo sawa anayeandika na kalamu yenye ncha. Vilevile lazeri. Ncha yake ni doa la mwanga, na doa haliwezi kuwa dogo kupita kadiri mbili zinavyoruhusu: urefu wa wimbi la mwanga, na uwazi wa lensi inayokusanya mwanga ule. Wa sita wanajua jambo hili mu fizike. Wa tatu na wa ine wafuate polepole. Upana wa doa unaenda sawa na urefu wa wimbi uliogawanywa kwa namba ya uwazi.

Lazeri ya DVD ni nyekundu, wimbi lake nanometre 650, na uwazi wa lensi ni 0,60. Gawanya: 650 kwa 0,60 inatoa 1083. Lazeri ya Blu-ray ni ya bulu inayoelekea urujuani, nanometre 405, na uwazi ni 0,85. Gawanya: inatoa 476. Basi doa la DVD ni pana mara 2,27 kupita doa la Blu-ray. Lakini vishimo vinajaa pande mbili, kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo tunazidisha 2,27 kwa 2,27, tunapata karibu 5,17. DVD ya tabaka moja inabeba gigaokte 4,7. Zidisha kwa 5,17: tunapata 24,3. Na kiwanda kimeandika nini juu ya Blu-ray ya tabaka moja? Gigaokte 25! Hatukufungua mashini, hatukuwa na chombo chochote, tulikuwa na kalamu tu.

Jaribuni wenyewe HD DVD. Wimbi ni lile lile 405, lakini uwazi ni 0,65. Mtapata doa la 623, na kisha hesabu inafika 14,2. Kiwanda kinasema 15. Wa tano wa sayansi wamefanya hesabu hii ku ubao siku ya Jumanne na ikafaulu. (Msijaribu na CD, mtachoka. CD iko na wimbi la 780 na uwazi wa 0,45, na hesabu itawapa zaidi ya mara mbili ya kile inachobeba kweli, sababu namna ya kupanga zile 1 na 0 ilibadilika sana kati ya CD na DVD.)

Mutu atauliza: kama mwanga wa bulu ni mzuri hivi, kwa nini hawakuanza nao? Sababu haukuwako. Lazeri ndogo nyekundu zilipatikana mapema, lakini kwa mwanga wa bulu wenye nguvu watu walitafuta miaka mingi. Ni Wajapani walioufikia, wakitumia kitu kinachoitwa nitridi ya galiamu. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa zawadi ya Nobel ya fizike juu ya zile taa ndogo za bulu. Nakamura, alipokuwa ku kampuni ya Nichia, aliendelea mpaka kufika ku lazeri ya rangi hiyo. Angalieni vizuri: taa nyeupe za LED, hata zile za jua tunazotaka kununua na mchango wetu, zinazaliwa ndani ya kazi ile ile. Taa na lekteri zinazogombana leo mu shule yetu ni watoto wa baba mmoja.

Tuje ku vita ya vifuniko vyekundu na vya bulu, sababu bila kuijua hatuwezi kuchagua. Kampuni hazikupatana. Toshiba na wenzake walishika HD DVD. Sony, Panasonic, Philips na wengine walishika Blu-ray. Watu wa HD DVD walisema: disiki yetu inaacha vishimo ndani ya milimetre 0,6, sawa DVD, basi viwanda vya DVD vitaitengeneza bila kubadilisha mashini nyingi. Watu wa Blu-ray walisema: yetu inabeba mingi kupita. Toshiba ilitangulia: HD-A1 iliingia masoko ya Marekani mwezi wa 4 mwaka 2006 kwa dola 499. Samsung BD-P1000 ilifuata mwezi wa 6 kwa dola 999, mara mbili! Mwezi wa 11 mwaka ule ule ikaja PlayStation 3. Masinema mengine yalitoka ku chekundu tu, mengine ku bulu tu, na mwenye kununua akabaki katikati sawa mutoto wa wazazi waliotengana. LG ilijaribu mwaka 2007 kutoa lekteri moja ya kusoma zote mbili, lakini bei yake ilitisha. Kisha tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 2008 kampuni ya sinema ya Warner ilitangaza kwamba itaenda upande wa bulu tu. Haikupita miezi miwili: tarehe 19 mwezi wa 2 Toshiba ilisema inaacha. Leo hakuna tena HD DVD mpya.

Kumbukeni neno hili: lekteri ya Blu-ray haisomi HD DVD, na ya HD DVD haisomi Blu-ray. Lakini zote tatu za mzee zinasoma DVD.

Sasa picha. DVD ya Marekani inachora ekrani kwa vidonda 720 kwa upana na 480 kwa urefu. Ni jumla ya 345.600. (Tunasema vidonda, wengine wanasema pikseli, ni kitu kimoja.) Picha ya HD iko na 1920 kwa 1080, yaani 2.073.600. Ni mara sita kamili. Hapa njo wenzetu wanapiga makofi. Tunawaomba waweke mikono chini kidogo, sababu kuko jicho.

Jicho zima la mutu linatofautisha vitu viwili kama pembe kati yao inafika karibu dakika moja ya digri, ni digri moja iliyogawanywa mara 60. Televizyo yetu ya chumba kikubwa ni ya inchi 32, upana wake ni sentimetre 71 hivi. Gawanya milimetre 708 kwa 1920: kidonda kimoja cha HD ni milimetre 0,37. Kwa DVD, 708 kwa 720, ni milimetre 0,98. Sasa fanyeni trigonometria ya wa ine: kidonda cha milimetre 0,98 kinapotea ku jicho ukikaa mbali kupita metre 3,4. Kile cha HD kinapotea mbele zaidi, ku metre 1,3. Tulipima chumba na kamba. Kiti cha kwanza kiko metre 2 kutoka televizyo. Kiti cha tatu kiko metre 3 na nusu. Viti vingine vyote, kumi na viwili, viko nyuma yake!

Maana yake nini? Wale wa viti viwili vya mbele wataona uzuri wa HD, na hata wao si wote. Wengine wote, kama jicho lao ni zima, wataona picha ya DVD iliyo safi na picha ya HD karibu sawasawa. Watasema "iko nzuri" sababu waliambiwa iko nzuri. Rangi inaweza kuwa bora kidogo, na DVD mara nyingi imebanwa mpaka vitu vinavyotembea mbio vinaonyesha vipande vya mraba, hayo tunakubali. Lakini mara sita? Hapana. Kwa mara sita inafaa projekteri na kitambaa cha metre 2, hapo kidonda cha DVD kingeonekana mpaka metre 9 na nusu, na HD ingekuwa na kazi ya kweli. Projekteri hatuna.

Basi faida yetu haiko sana mu ukali wa picha. Iko mu masomo yaliyo ndani ya zile disiki 22. Mwalimu wa biolojia ametuambia kwamba miaka yote anachora mgawanyiko wa seli ku ubao na chaki za rangi, na hajapata kuonyesha wanafunzi jambo lile likitembea. Hilo njo jambo kubwa, kupita HD yote.

Tuingie mu ugonjwa wa mashini, na hapa tutakaa kidogo, sababu bure inaweza kuwa ghali.

Ugonjwa wa kwanza ni vumbi. Mwanga wa lazeri hauingii mu disiki ukiwa doa dogo. Unaingia mpana, kisha unajikusanya mpaka ku vishimo. Ku DVD vishimo viko ndani milimetre 0,6, na mwanga unapoingia ku uso wa disiki uko na upana wa karibu milimetre 0,5. Ku Blu-ray vishimo viko karibu sana na uso, milimetre 0,1 tu, na mwanga pale uko na upana wa karibu milimetre 0,13. Tuseme punje ya vumbi ya milimetre 0,1 imekaa juu ya disiki. Ku DVD inafunika sehemu 4 kwa 100 za mwanga. Mashini haisikii kitu. Ku Blu-ray inafunika zaidi ya nusu! Punje ile ile, vumbi lile lile la barabara yetu la mwezi wa 7. Waliotengeneza Blu-ray walijua hatari hii. Lekteri ya kwanza ya Sony ya mwaka 2003 kule Japani ilitumia disiki zilizofungwa ndani ya kasha. Kisha kampuni ya TDK ilipata mafuta magumu ya kupaka uso wa disiki, na kasha likatupwa. Kwa hiyo Blu-ray inavumilia mikwaruzo kupita DVD, lakini vumbi na alama ya kidole inachukia kupita. Na chaki, wandugu! Hakuna fasi mbaya kwa lensi kama kilasi yenye ubao. Mashini ikija, isikae mu kilasi hata siku moja.

Lakini kwa nini disiki yenye alama ndogo inaendelea kucheza? Sababu ya hesabu nzuri sana, iliyoandikwa mwaka 1960 na Waamerika wawili, Irving Reed na Gustave Solomon. Hesabu yao yenyewe ni ya chuo kikuu, lakini mzizi wake hata mutoto wa la msingi atauelewa. Tuseme tunakutumia namba ine: 4, 7, 2, 6. Juu yake tunaongeza jumla: 19. Mvua inafuta namba ya pili. Wewe unafanya 19 kutoa 4, kutoa 2, kutoa 6, na 7 inafufuka. Mvua ikifuta namba mbili, umeshindwa. Kwa hiyo wanaongeza jumla zaidi ya moja, za namna mbalimbali, tena wanatawanya namba mbali mbali ku disiki, sawa vile mwalimu anavyotenganisha marafiki siku ya mitihani, ili alama moja isiharibu zote za fungu moja.

Kutoka hapo mtaelewa kwa nini disiki inapanguswa kutoka katikati kwenda inje, moja kwa moja, na si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokata mistari unaumiza namba chache za kila fungu, na hesabu inaziponya. Mkwaruzo unaofuata mstari unafuta namba nyingi zinazofuatana, hesabu inashindwa. Tumeona mkubwa mmoja ku interna anazungusha DVD ku shati yake sawa anapangusa sahani. Tafadhali.

Ugonjwa wa pili ni joto. HD-A1 ndani yake si lekteri hasa. Ni ordinateri nzima, na prosesa ya Pentium 4, iliyofichwa mu sanduku la lekteri. Ukiiwasha unangojea karibu dakika moja mbele haijafanya kitu. Iko nzito na inapumua moto. PlayStation 3 ya mwanzo vilevile inakula umeme mwingi, na ugonjwa wake mafundi wa kila nchi wanaujua: baada ya miaka, joto linachosha vipande vya ndani, taa ya mbele inakuwa ya manjano, na mashini imekufa. Wengine wanaifufua kwa kuipasha moto, lakini ufufuo ule ni wa majuma machache. Lazeri ya bulu nayo haipendi joto. Kadiri inavyotumika ndani ya joto ndivyo nguvu yake inavyoisha mapema, na lensi mpya yenye lazeri ya HD DVD hakuna mutu anaitengeneza leo.

Ugonjwa wa tatu ni umeme. Mashini za Marekani zinatengenezwa kwa volti 120. Hapa kwetu ni 220, siku umeme uko na akili. Ugeuze pande zote, lekteri iliyoandikwa 120 peke yake ukiichomeka ku prizi yetu, utasikia kishindo kimoja na harufu, na masomo yameisha. Inafaa transfo, na transfo ni chuma kizito. Tena umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu. Lekteri inayoandika programu mpya ndani yake, umeme ukikatika katikati, inaweza isiamke tena.

Na ugonjwa wa ine ni huu ambao wengi hawajausikia: kufuli. Disiki za HD zimefungwa kwa namba za siri, na lekteri inabeba funguo. Mwaka 2007 watu walipata funguo za programu fulani za ordinateri na kuzitangaza. Kampuni zikabadilisha funguo. Basi disiki iliyotengenezwa nyuma ya hapo inaweza kukataa kufunguka ku lekteri yenye programu ya zamani, mpaka utafute programu mpya ya lekteri ile na kuiingiza, kwa intaneti ao kwa kle ya USB ao kwa disiki, kadiri ya mashini. Mbele ya hapo kitu cha nyumbani kilikuwa chako ukikilipa. Redio ya baba haiulizi ruhusa. Lekteri ya HD inauliza, na siku kampuni inaacha kutoa programu kwa mashini ile, haitajifunza kitu kipya tena. BD-P1000 na HD-A1 zimeachwa zamani. PlayStation 3 njo ilisifiwa hapa: mwezi wa 3 mwaka 2008 programu mpya iliipa uwezo wote wa lekteri za daraja la pili, na mwaka 2010 hata Blu-ray za picha tatu-pande. Lekteri nyingine za 2006 hazikupata uwezo huo.

Kuko pia zone. Blu-ray ziligawanya dunia mu A, B na C. Marekani ni A. Afrika yote na Ulaya ni B. Lekteri ya mzee itasoma disiki zake za Marekani bila shida, lakini Blu-ray yenye alama ya B iliyonunuliwa Ulaya itaikataa. HD DVD hazikuwa na zone. DVD ziko nazo: Marekani 1, sisi 5. Kwa bahati lekteri yetu ya sasa, ile ya soko, inasoma zone zote bila kuuliza pasipoti.

Haya, tusemeje juu ya zile tatu?

HD-A1 tunasema hapana. Ni nzito, ni ya volti za Marekani, na ikifa hakuna wa kuiponya. Tunajua wa biolojia watalia, sababu disiki za mwili wa mutu ziko mu vifuniko vyekundu. Tutarudi juu yake.

BD-P1000 tunasema hapana vilevile. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Marekani, na wa kwanza mara nyingi anapigwa na mvua: wakati wake walioipima walisema picha yake ilikuwa laini kupita kiasi, sababu kipande kimoja cha ndani kilikuwa kimewekwa kusafisha picha kwa nguvu na kikafuta hata uzuri wake.

PlayStation 3 ndiyo bora ya zote tatu kwa kusoma disiki. Lakini uzito wake unafika kilo 5 hivi, umri wake unatisha, na tuseme wazi kitu ambacho kila mutu anakijua na hakuna anayekitaja mbele ya Bwana Prefe: ni mashini ya michezo. Wa tatu hawakuipenda juu ya mgawanyiko wa seli. Sisi tunaoshika funguo za chumba kikubwa tunajua nani atatuamsha saa ine za usiku.

Mawazo yetu ni haya, na kamati ya wa sita imeyakubali isipokuwa wawili. Tumwombe mzee aache zote tatu, na kwa bei ndogo atafute lekteri moja ya kawaida ya Blu-ray iliyotengenezwa nyuma ya 2010. Zile ni nyepesi, nyingine hazifiki kilo 2, zinawaka mbio, zinakula umeme kidogo, na nyingi zinaandikwa nyuma yake volti 100 mpaka 240. Aichague yenye tundu la USB. Asikawie, sababu vitu hivi vinapungua: kampuni ya Oppo iliacha mwaka 2018, Samsung mwaka 2019 ilisema haitatoa tena lekteri mpya Marekani, na Sony iliacha kutengeneza disiki tupu za Blu-ray mwezi wa 2 mwaka 2025. Za bulu zote 9 zije.

Na zile nyekundu 13? Hapa tumefurahi, sababu tumegundua njia. HD DVD nyingine zilitengenezwa na pande mbili: upande mmoja HD DVD, upande wa pili DVD ya kawaida. Disiki ya namna hii haina picha iliyochorwa ku uso, iko na maandishi madogo tu karibu na tundu la katikati, na ku kifuniko imeandikwa kwamba inacheza pia ku lekteri ya DVD. Kama mbili ao tatu za mwili wa mutu ziko hivi, lekteri yetu ya soko itazisoma leo leo, bila kungoja mashini nyingine, na kutoka kiti cha ine hakuna atakayejua tofauti. Zile zisizo na upande wa DVD zibaki kule. Ni za miaka ya 2006 mpaka 2008, gundi ya nyingine imeanza kuharibika ndani, na haziwezi kununuliwa tena mpya.

Tumekwisha kuandika barua. Tunamwomba mzee mambo matatu: asome volti ku kibandiko cha nyuma cha lekteri atakayoipata na kutuandikia kama ilivyo, aicheze disiki moja ya bulu tangu mwanzo mpaka mwisho mbele ya kuifunga, na ageuze kila disiki nyekundu, atuambie ngapi ziko na pande mbili. Disiki 9 na lekteri nyepesi, kwa bei ya kilo tuliyoambiwa, zitakula taa mbili za mchango. Zote tatu pamoja na sanduku zima zingekula taa kumi na moja.

Kura ni Jumamosi nyuma ya kazi ya mikono, mu chumba kikubwa. Mwenye kupinga hesabu zetu alete zake ku karatasi kwa delege wa kilasi mbele ya Ijumaa jioni. Kamba ya kupimia iko kwetu, tutamwazima.